Hii chupa ya kioo yenye tundu chini ni mtego wa nzi kweli? Natafuta kitu kizuri cha kuweka ndani, ugeni unakuja

mama_pasua

Habari za jioni wapendwa. Niko Moshi, Pasua, naombeni msaada maana mwezi ujao mwanangu wa kwanza anapata kipaimara na ugeni wote unashukia kwangu, mama mkwe anatoka Kibosho, mashemeji wanatoka Dar, na nyumba yangu ina shida moja inayonikosesha raha, nzi. Sio kwamba ni pachafu jamani, nadeki asubuhi na jioni, vyombo havilali. Ila nyuma nina banda la ng'ombe wawili wa maziwa na jirani yangu anafuga nguruwe, basi ikifika saa nne jua limeshashika, ukiweka tu sahani ya ndizi mezani wameshatua.

Nimehangaika. Nilianza na zile karatasi za gundi za kuning'iniza, zinanasa kweli sikatai, ila unamkaribisha mgeni anakaa na juu ya kichwa chake kuna utepe umejaa mizoga, halafu mdogo wangu alipita pale nywele zikaganda tukazikata kwa mkasi. Nikazitoa. Nikaja kununua taa imetengenezwa kama kandili la zamani, nzuri sana kwa macho, inatoa mwanga wa zambarau, elfu thelathini na tano, muuzaji kaniapia hii inamaliza nzi na mbu wote. Wiki tatu sasa. Kila asubuhi nafungua kisahani chake cha chini nakuta nondo, vimbawakawa vidogo vidogo, na vile vidudu vyembamba vya msimu wa mvua, nzi labda wawili watatu, na mbu usiku bado wananiimbia sikioni kama kawaida.

Sasa Jumamosi nilikuwa soko la Memorial natafuta mapazia, kwenye meza ya vyombo vya mtumba vya Ulaya nikaona hii kitu. Ni kioo cha kijani kilichopauka, kina viputo vidogo vya hewa ndani ya kioo chenyewe, umbo kama kibuyu kifupi kilichokaa. Ina vimiguu vitatu. Chini katikati ina tundu kubwa yai linapita, na ukichungulia ndani unaona kioo kimekunjwa kwenda juu kuzunguka lile tundu kwahiyo kunakuwa na kama mfereji pembeni. Juu ina mdomo ila kizibo hakuna. Muuzaji kasema ni ya maua, elfu sita nikachukua. Nafika nyumbani naweka maji naona yanakaa kwenye ule mfereji tu, ukizidisha yanamwagika mezani, nikasema hii maua utayasimamishaje. Mwanangu akaizungusha weee akasema mama hii ni mtego huu.

Ni kweli? Inafanya kazi au ni urembo tu? Naweka nini ndani? Na kwa upande wa mbu kuna chochote cha kupendeza kinachofanya kazi, maana sitaki tena kutupa hela.

fundi_sakina

Dada weka picha kama unaweza. Ila kwa ulivyoieleza mtoto yuko sahihi, huo ni mtego wa nzi.

mzee_usa_river

Mama hongera kwa kipaimara. Mimi nimefanya kazi za ndani na baadae usimamizi kwenye nyumba za wageni huku Usa River na Tengeru zaidi ya miaka ishirini, hiyo chupa nimeiosha kwa mikono yangu, tajiri mmoja alikuwa nazo mbili kaziweka dirishani kwenye chumba cha kulia. Ulaya karne ya 19 zilikuwa zinatumika sana, Ufaransa na Uingereza na kwingine, kabla watu hawajawa na friji wala wavu kwenye madirisha. Ndo maana waliitengeneza kwa urembo, ilikuwa ni chombo cha kukaa mezani mbele ya watu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unaweka kitu kitamu kwenye ule mfereji kupitia huo mdomo wa juu, unaziba na kizibo. Ile miguu mitatu inaacha nafasi chini, nzi anafuata harufu anatembea chini ya chupa anakuta tundu anaingia. Akishashiba au akishtuka, nzi kawaida yake anaruka kwenda juu kwenye mwanga, hatafuti njia aliyoingilia kwasababu ile iko chini kwenye kivuli. Anagonga kioo, anateleza, anazunguka zunguka mpaka anachoka anatumbukia kwenye maji. Hakuna umeme, hakuna gundi, hakuna sumu.

Kwahiyo siri mbili. Kizibo lazima kiwepo, bila kizibo harufu inatokea juu na nzi anatokea juu pia. Na iwekwe penye mwanga, dirishani ni pazuri zaidi, ukiiweka kwenye kona yenye giza hutapata kitu.

Jambo lingine la muhimu kabla hujafanya chochote. Zamani huko kwao wengine walikuwa wanachanganya maziwa na maji na aseniki ndani ya hizo chupa, au chumvi za zebaki, sumu kali kabisa. Hatujui yako imetoka nyumba gani. Iloweke kwenye maji ya moto na sabuni, suuza mara nyingi, hayo maji usimwage kwenye mchicha, na hicho kitambaa ulichosugulia kitupe. Vaa glovu. Baada ya hapo iwe ya mtego tu, usije ukaigeuza jagi la juisi.

mama_pasua

Mzee wangu shikamoo, na asante sana, hilo la aseniki limenishtua maana nilikuwa nimeshaanza kuweka maji nikayaonja kama yana harufu. Nimeiosha mara nne jana. Kizibo ndo tatizo, mdomo wake ni mpana kidogo kuliko chupa ya mvinyo.

fundi_sakina

Kizibo tafuta gunzi la mahindi dada. Gunzi kavu, lichonge na kisu taratibu upande mmoja uwe mwembamba, lifunge kitambaa safi linakaa kabisa halitoki. Tulikuwa tunazibia vibuyu vya maziwa hivyo hivyo.

mkusanya_mbu

Naomba nijibu upande wa mbu na hiyo taa maana hapa watu wanaibiwa kila siku na inaniuma.

Nimewahi kufanya kazi ya kukusanya mbu kwenye mashamba ya mpunga Lower Moshi, Mabogini na maeneo yale, kwa ajili ya watafiti. Tulikuwa na mitego ya taa, ndio, ina kitaa kidogo cha kawaida na feni ndogo chini yake na mfuko wa wavu, inatumia betri ya volti 6. Mtu akiona anasema si unaona, hata wataalamu wanatumia taa. Lakini sikiliza tulivyokuwa tunauweka. Tunautundika pembeni ya kitanda upande wa miguu, saa kumi na mbili jioni unawashwa, saa kumi na mbili asubuhi unatolewa, na sharti kubwa ni kwamba kwenye hicho kitanda awepo mtu amelala ndani ya chandarua. Mtu ndo chambo! Mbu jike anakuja kwasababu ya pumzi tunayotoa, ile hewa ya kaboni dayoksaidi, na jasho letu na joto la mwili, akifika pale anazuiwa na chandarua anaanza kuzunguka ndo feni inamvuta. Ukiuwasha ule mtego kwenye chumba kitupu unapata mbu wachache sana wa kuhesabu.

Sasa wewe taa yako umeiweka sebuleni na wewe umelala chumbani. Mbu anaenda kwako, haendi kwenye taa.

Na hili sio langu tu. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware Marekani ulitoka mwaka 1996, walikusanya wadudu waliouawa na taa za umeme za nje kwenye nyumba za watu wakawahesabu mmoja mmoja, wadudu 13,789. Unajua wanaouma watu, mbu na jamii yao, walikuwa wangapi? 31. Thelathini na moja tu! Karibu nusu ya wote walikuwa vidudu vya majini visivyo na ubaya wowote, na wengine ni wale wanaokula wadudu waharibifu, yaani marafiki zetu. Ukiangalia ulichokuta kwenye kisahani chako mama, nondo na vimbawakawa, ni hadithi ile ile.

Halafu kuna hii nyingine, sio kila mwanga wa zambarau ni ultravioleti, ule mwanga unaovuta wadudu. Taa nzuri za kunasia nzi zinatoa mwanga wa nanometa 350 mpaka 370 hivi, jicho la binadamu halioni vizuri huo mwanga, kile unachokiona cha zambarau ni cha pembeni tu. Nyingi zinazouzwa ni balbu ndogo za LED za rangi ya bluu au zambarau, zinapendeza na basi. Hata ile ya kweli, tyubu yake ikifika kama mwaka wa kuwaka nguvu ya ultravioleti inashuka sana ingawa wewe unaiona inawaka vile vile.

Kwa mbu mama hakuna pambo. Chandarua chenye dawa, wavu kwenye madirisha, na kumwaga maji yaliyosimama, makopo, matairi, sahani za chini ya vyungu vya maua. Yai mpaka mbu kamili kwenye joto la Moshi ni kama wiki moja mpaka mbili tu, kwahiyo ukipita kila Jumamosi ukamwaga umewawahi. Na wale wenye mabaka meupe miguuni wanaouma mchana, hao ndo wanaleta dengi, hao wanazaliana hapo hapo nyumbani kwenye vyungu vya maua kabisa, hawatoki mbali.

neema_njiro

Mkusanya_mbu naomba kuuliza, vipi hizi za mlio wa kwenye simu na zile za kuchomeka ukutani zinazosemekana zinafukuza kwa sauti?

mkusanya_mbu

Hapana dada Neema. Zimepimwa mara nyingi na watafiti tofauti, mbu wanaendelea kutua na kuuma. Hiyo hela nunua wavu wa dirisha.

neema_njiro

Sawa asante. Na ile ya kupiga kwa umeme nzi analipuka tah, mimi ninayo jikoni juu ya meza.

mkusanya_mbu

Iondoe juu ya meza tafadhali. Nzi akilipuliwa na umeme vipande vyake vinaruka, na nzi umeshajua ametoka kutua wapi. Kwa jikoni zinazofaa ni zile zenye gundi ndani, nzi anakuja kwenye mwanga anaganda kwenye karatasi anakaa humo humo mzima, na ziwekwe mbali na chakula na zisitazamane na dirisha maana jua litaishinda taa.

nyuki_meru

Nimesoma uzi wote nikaona hakuna aliyesema hili. Mimi nina mizinga huku upande wa Meru, naombeni sana sana, mkiweka hizo chupa nje ya nyumba msiweke asali wala maji ya sukari matupu. Mtaua nyuki. Nyuki mmoja akigundua sukari anarudi kwenye mzinga anawaambia wenzake kwa kucheza, wanakuja mamia, wanaingia humo wanazama. Nimeshawahi kukuta ndoo ya jirani imejaa nyuki wangu wamekufa alikuwa ameweka maji ya miwa kunasa nzi, nilikaa chini nikashindwa kuongea. Na wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao wazee wanaitafuta kwa dawa, nao wanaingia hivyo hivyo. Asali ni mbaya zaidi kwasababu inaweza kuwa imebeba magonjwa ya nyuki kutoka mzinga mwingine.

Weka siki ndani, kijiko kimoja cha chakula au viwili kwenye glasi ya maji ya sukari. Nyuki hapendi siki, nzi inamvutia. Au tumia kitu kilichochacha kabisa. Mama uko Moshi hapo, mbege, ile pombe ya ndizi, haikosekani, machicha yake yaliyokaa siku mbili hakuna nzi atakayeyapita.

mzee_usa_river

Umesema kweli kijana. Wale wa kwetu walikuwa wanaweka bia iliyobaki na siki.

bwana_shamba_hai

Naongezea kidogo kuhusu hii chupa. Umbo hilo hilo ndo linatumika mpaka leo kwa nzi wa matunda, unaitwa mtego wa McPhail, ulianza miaka ya 1930 ukiwa wa kioo na wa kutundikwa, hauna miguu. Siku hizi ni plastiki, chini njano juu angavu, nzi anaingilia chini vile vile. Wenye maembe wanaufahamu tangu yule nzi wa matunda wa Asia alipoonekana Kenya na Tanzania 2003, akakaa. Rangi ya njano inawavuta wale. Na wale vinzi vidogo vya macho mekundu vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni ni wengine tena, hao glasi yenye siki kidogo na tone la sabuni ya maji, funika na karatasi umeitoboa kwa kijiti, inatosha.

Hilo tone la sabuni weka na kwenye chupa yako mama. Bila sabuni nzi anaweza kukaa juu ya maji akajinasua, ukiweka sabuni anazama moja kwa moja. Tone moja, ukizidisha harufu ya sabuni inafunika ya chambo.

daktari_wa_mifugo_KLM

Mama Pasua, mimi naenda kwenye chanzo na utanisamehe kama nitakuwa mrefu.

Mtego mzuri kiasi gani, ukiwa umeacha samadi nyuma ya nyumba unateka maji kwa pakacha. Nzi jike mmoja anataga mayai kama 75 mpaka 150 kwa mkupuo na anarudia mara kadhaa maishani, anaweza kufika 500. Anataga kwenye samadi mbichi yenye unyevu. Kwenye joto kama la Pasua, yai, funza, buu, mpaka nzi anayeruka, ni siku saba mpaka kumi. Kwahiyo samadi ikikaa wiki moja na nusu bila kuguswa wewe unawafuga ng'ombe wawili na nzi maelfu. Leo hii chukua kijiti nenda kwenye lundo, fukua pembeni sio katikati, kina kama vidole vinne, utawaona funza weupe. Katikati ya lundo kuna joto kali hawakai, wanakaa pembeni.

Fanya hivi. Zoa banda kila siku na usilundike, itandaze kwenye migomba iwe nyembamba ikauke, samadi kavu hawataki. Kama lazima ulundike, lundika sehemu moja, shindilia, funika na turubai jeusi uzibe pembeni kwa mawe au udongo, joto litawapika. Pumba iliyomwagika chini ya hori na mkojo uliotuama pale kwenye mlango wa banda ndo watu wanapasahau, na panaweza kuzalisha kuliko lundo lenyewe. Ndama kama unaye matandiko yake yabadilishwe. Na ukiwa na uwezo baadae fikiria mtambo wa biogesi, ng'ombe wawili wanatosha kwa jiko la familia, CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha teknolojia za vijijini hapo Arusha, wamefanya hiyo kazi tangu miaka ya themanini, samadi ikiingia kwenye mtambo nzi hana pa kutagia.

Ukianza leo, wale walioko hewani wataishi wiki mbili tatu hivi. Kwahiyo mpaka kipaimara utaona tofauti. Na jirani wa nguruwe nenda kaongee naye vizuri, usiende na lawama, nenda na turubai.

mama_pasua

Daktari nimeenda na kijiti. Nimefukua pembeni kama ulivyosema. Sikuweza kula mchana. Nimekaa miaka minne na lile lundo nikidhani nzi wanatoka kwa jirani.

Leo asubuhi mimi na mume wangu tumesambaza yote kwenye migomba, na mbele ya hori tumekwangua mpaka tukafikia saruji.

Sasa mtego. Siku ya kwanza niliweka maji ya sukari na siki na gunzi juu (fundi asante limekaa sawasawa), nikaweka juu ya kabati la vyombo, nikapata nzi sifuri kutwa nzima. Siku ya pili nikahamishia dirisha la jikoni linalopata jua la asubuhi, nikabadilisha nikaweka machicha ya mbege kutoka kwa mama mmoja anapika hapa mtaani. Wakaja lakini wanatembea pembeni ya miguu ya chupa, wanapanda juu ya kioo, hawaingii. Mwanangu ndo akaweka kipande cha ganda la ndizi mbivu juu ya kisahani akakalisha chupa juu yake, ganda likawa chini ya tundu kabisa. Jamani. Tulikaa tukaangalia kama watu wanaoangalia mpira. Nzi anakuja kwenye ganda, ananyonya, anasugua miguu ya mbele, halafu anaruka wima kama kavutwa na uzi, paaa kwenye kioo. Anashuka kwa kutembea ukutani anafika ukingoni pa mfereji, anarudi juu, anashuka. Pale chini tundu liko wazi sentimita mbili tu kutoka alipo lakini haendi, anaangalia kwenye mwanga tu. Kutoka saa tatu mpaka saa sita nilihesabu kumi na mmoja ndani.

Swali, nibadilishe baada ya muda gani? Maana uzuri wake unapotea wakishajaa.

mzee_usa_river

Kila siku ya pili, ikizidi siku ya tatu. Toa gunzi, mimina kupitia juu kwenye shimo ufukie, suuza. Ukiacha inaanza kunuka na kile kioo kinapata ukungu mweupe ni shida kutoa. Ukishapata ukungu weka mchele mbichi kidogo na siki utikise tikise, inang'aa.

Na siku ya sherehe mama usiuweke mezani. Mtego unaita nzi. Uweke upande wanakotokea, katikati ya banda na mlango wa jikoni, penye mwanga, uwakamate kabla hawajafika kwa wageni.

binti_pangani

Mimi ni mtu wa Pangani nimeolewa Arusha, nataka kusema kitu maana naona mnahangaika na kunasa wakati sisi kwetu tunaanza na kufunika. Kawa. Kile kifuniko cha ukindu kimesukwa kwa rangi kama kofia kubwa, chakula kinatoka jikoni kimefunikwa kinafika mkekani kimefunikwa, mgeni akinawa ndo linafunuliwa. Bibi yangu alikuwa akisuka kawa la harusi anakaa nalo wiki nzima, nyekundu, zambarau, kijani, na ukilitazama huwezi kusema hiki ni kitu cha kuzuia nzi, ni pambo la nyumba. Chakula kinakaa na joto na hakifanyi jasho kwasababu ukindu unapumua.

Na kwa majagi ya juisi na togwa, vile vitambaa vya kufuma kwa kulabu vyenye shanga pembeni. Shanga sio urembo peke yake, uzito wake ndo unashikilia kitambaa upepo usikipeperushe. Moshi kwenu mama zetu wa kanisani wanafuma vizuri mno vile vya kuweka kwenye makochi, waambie wakufumie saba nane vya duara, watundike shanga za kioo kubwa, wiki moja wanamaliza. Meza yako itapendeza kuliko taa yoyote.

neema_njiro

Binti Pangani umenikumbusha mama yangu.

fundi_sakina

Kwa asiyepata chupa kama ya mama Pasua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata sehemu ya juu pale inapoanza kunyooka, geuza kile kichwa ukitumbukize ndani mdomo ukiangalia chini bila mfuniko, shikiza na gundi ya karatasi pembeni. Chambo chini. Kwa urembo mke wangu ameivalisha kitenge na uzi wa shanga za kimasai, ila msikilizeni mzee hapo juu, kitenge kiishie nusu ya chini tu, juu pabaki wazi mwanga uingie, yeye alifunika yote mwanzoni na nzi walikuwa wanaingia wanatoka kama kwao.

Na mtu akitaka ya kioo hasa, kuna Shanga hapa Arusha, ile karakana wanafanya kazi watu wenye ulemavu, wanayeyusha chupa zilizotumika wanapuliza vioo wenyewe. Sijui kama wana umbo hili, nataka niende na mchoro nikawaulize.

bwana_shamba_hai

Ukienda nenda na vipimo kamili. Tundu la chini likiwa pana sana wanatoka, na ukingo wa ndani uwe umepanda juu angalau vidole viwili vya mtu mzima ili maji yasimwagike ukihamisha.

mama_pasua

Nimerudi wapendwa. Kipaimara kimepita salama, tunamshukuru Mungu. Wageni sitini na kitu.

Siwezi kusema nzi hawakuwepo kabisa ningekuwa nadanganya, ila wale wa kutua kumi kumi kwenye sahani hawakuwepo. Samadi tumetandaza kila siku wiki tano mfululizo na jirani wa nguruwe nilimpelekea turubai kweli, akalipokea vizuri na sasa anafunika. Chupa ilikaa juu ya kigogo nje karibu na mlango wa jikoni, upande wa banda, na nyingine mbili za plastiki alizotengeneza mwanangu zilikaa kwenye ukuta wa banda. Mezani vitambaa vya kufuma tisa vya mama wa jumuiya, vyeupe na shanga za bluu, na kawa moja nililoazima kwa mama wa Kitanga anayeuza maandazi stendi, ndo lilifunika mtori. Taa ya zambarau nimeichomoa, mume wangu kaweka balbu ya kawaida ndani sasa ni kandili tu la barazani.

Mama mkwe hakuuliza kuhusu keki wala nini, alivuta kiti akakaa karibu na ile chupa muda mrefu anawaangalia wanavyoingia. Akaniambia kwake Kibosho anakausha maharage nje na nzi wa kwenye kahawa wanamtesa. Nimemwahidi ya kwake. Kwahiyo mwenye kupita Memorial au soko la Kilombero la Arusha kwenye meza za vyombo akiona kioo cha namna hii chenye miguu mitatu, hata kama mguu mmoja umemeguka, anichukulie aniandikie hapa nitamrudishia hela na nauli.